Neno "jazz" lilianzia kwenye besiboli, muziki ukalichukua baadaye

Kila ifikapo tarehe 30 Aprili, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2011 kuwa Siku ya Kimataifa ya Jazz, mabishano yale yale huibuka upya mitandaoni. Huyu anaandika kwamba jazz ni neno la Kiafrika lililovuka bahari pamoja na watumwa. Yule anasema hapana, ni la Kiarabu, ndugu yake jazba. Mwingine ana hakika ni jina la mpiga ngoma wa Mississippi aliyeitwa Charles, likafupishwa kuwa Chaz na kuishia Jazz. Halafu anajitokeza mtu wa makamo aliyekulia kwenye dansi la Dar es Salaam na kuuliza: sasa nielezeni, Western Jazz, Morogoro Jazz, Nuta Jazz, mbona hakuna hata bendi moja kati ya hizo iliyokuwa ikipiga jazz?

Swali hilo la mwisho lina jibu zuri, na tutalifikia. Lakini halijibiki bila kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo mabishano haya huyachanganya kila mwaka: muziki ulitoka wapi, na neno lilitoka wapi.

Muziki hauna ubishi mkubwa. Ulizaliwa na watu weusi wa New Orleans, kusini mwa Marekani, kati ya miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20. Ubishi uko kwenye neno, kwa sababu neno hili lilikuwa la mitaani kabla ya kuwa la kamusi. Wataalamu wa Kiswahili huyaita maneno ya aina hiyo misimu: maneno yanayozuka kijiweni, kazini au mchezoni, yakavuma, na mengi yakafa bila mtu yeyote kuyaandika popote. Ndiyo maana asili yake ni ngumu kuifuatilia. Anayelisema kwanza huwa hana habari kwamba kuna mtu atakuja kumuuliza miaka mia moja baadaye.

Chukua daladala. Sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, makondakta wa Dar es Salaam wakawa wanaita abiria kwa kutaja nauli, na gari likabaki na jina hilo hata baada ya nauli kupanda mara nyingi. Mtu akitaka kujua historia ya usafiri wa Dar kwa kuchimba neno dala, atajikuta anasoma habari za fedha za Marekani. Basi lina njia yake, na neno lina njia yake. Vivyo hivyo jazz.

Kwa hiyo anayetafuta asili ya msimu hufanya kazi inayofanana na ya mpelelezi. Hatafuti hadithi inayovutia, maana hizo zimejaa tele. Anatafuta karatasi yenye tarehe: gazeti, barua, tangazo, lebo ya santuri. Kila anayedai neno lilianza mahali fulani huulizwa swali moja tu: liliandikwa lini huko, na kwa maana gani? Tukilifuata neno jazz kwa njia hiyo, linatupeleka mahali ambapo wengi hawapategemei.

Mpira unaoyumba

Tarehe 2 Aprili 1912, gazeti la Los Angeles Times lilichapisha habari fupi kuhusu mchezaji wa besiboli aliyeitwa Ben Henderson. Alikuwa mrushaji wa timu ya Portland, iliyokuwa mjini Los Angeles kwa ajili ya mechi. Kwa asiyeufahamu mchezo huo: mrushaji humtupia mpigaji mpira, na mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo. Mrushaji mjanja haurushi ukaenda moja kwa moja. Huupa mzunguko ili upinde angani, gongo lipite patupu.

Henderson alimwambia mwandishi kwamba mwaka huo alikuwa na mpira mpya wa kupinda, na kwamba ameuita mpira wa jazz, kwa sababu unayumba na mpigaji hana la kuufanya. Siku iliyofuata gazeti hilo hilo liliutaja tena mpira wake, safari hii likiuandika "jass". Siku mbili, gazeti moja, tahajia mbili. Hiyo yenyewe ni dalili nzuri kwamba waandishi walikuwa wanalisikia neno kwa masikio tu, hawajawahi kuliona likiwa limeandikwa.

Hakuna piano katika habari ile, wala tarumbeta, wala mtu mweusi, wala New Orleans. Kuna mpira tu. Na habari yenyewe ilikaa gizani kwa miaka zaidi ya 90. Iligunduliwa mwaka 2003, baada ya magazeti ya zamani kuanza kuingizwa kwenye kompyuta, watafiti wakaweza kutafuta neno moja katika mamilioni ya kurasa. Kabla ya hapo ushahidi wa mapema uliojulikana ulikuwa wa mwaka 1913, nao pia ulitoka California, nao pia ulihusu besiboli.

Huo wa 1913 ndio mtamu zaidi. Timu ya San Francisco Seals ilikuwa kambini Boyes Springs, kijiji chenye chemchemi za maji moto katika bonde la Sonoma, kaskazini mwa San Francisco. Gazeti la San Francisco Bulletin lilikuwa limemtuma huko mwandishi wake wa michezo, E. T. Gleeson, ambaye wenzake walimwita Scoop. Tarehe 3 Machi Gleeson aliandika kwamba habari zilizokuwa zikienezwa kuhusu mchezaji mmoja zilikuwa "jazz" tupu, akimaanisha porojo. Tarehe 6 Machi, siku tatu tu baadaye, akalitumia tena kwa maana karibu kinyume. Akawauliza wasomaji wake jazz ni nini, kisha akajijibu kwamba ni ule uhai wa zamani, ule moto, ile shauku. Wachezaji wa Seals walikuwa nayo, ndiyo maana wangeshinda.

Mtu mmoja, neno moja, siku tatu, maana mbili. Wanaopenda asili ya neno iwe nyoofu kama reli hawaipendi habari hii, lakini misimu huwa hivyo hivyo inapokuwa bado mbichi.

Gleeson alilipata wapi? Alipoulizwa miaka 25 baadaye, alimtaja mwandishi mwenzake, Spike Slattery, aliyesema kwamba alilisikia kwenye kamari ya dadu: wachezaji walikuwa wakiyapigia kelele madadu yawape jazz kabla ya kuyarusha. Kumbukumbu ya robo karne si ushahidi wa kuapia, ila inakubaliana na maana ya neno katika magazeti ya wakati ule. Yeyote anayeyaomba madadu yampe kitu, anaomba nguvu na bahati.

Mwezi mmoja baadaye neno lilikuwa limevuma San Francisco kiasi kwamba Bulletin, tarehe 5 Aprili 1913, ilichapisha makala nzima ya kulisifu, iliyoandikwa na Ernest Hopkins. Hopkins alilitangaza kuwa neno la kesho ambalo ndiyo kwanza limejiunga na lugha, na akajaribu kulieleza kwa kumimina maneno: uhai, nguvu, uchangamfu, furaha, mvuto, ujasiri, na mengine mengi baada ya hayo. Makala yote haina muziki. Mtu aliyetaka kueleza kila kilichomo ndani ya neno jazz mwaka 1913 hakuona haja ya kutaja hata ala moja.

Nyuma ya 1912

Je, Henderson na wale wacheza dadu walilitunga kutoka hewani? Huenda sivyo. Katika Kiingereza cha Marekani cha karne ya 19 kulikuwa na neno "jasm", lenye maana ya nguvu na hamasa. Linaonekana katika riwaya ya mwaka 1860, ambamo mhusika anaulizwa maana yake. Anajibu kwamba uchukue ngurumo na radi, meli ya mvuke na msumeno wa mashine, uvichanganye, uvitie ndani ya mwanamke: hiyo ndiyo jasm. Neno jingine la karibu, "gism", linaonekana mwaka 1842 likiwa na maana hiyo hiyo ya nguvu, na baadaye likaja kutumika kwa manii.

Watunga kamusi wengi leo wanaona jasm ndilo mzazi anayewezekana zaidi. Sauti zinalingana, maana inalingana, nchi ni hiyo hiyo, na miaka haigongani. Kilichotokea ni sauti ya mwisho kudondoka, jambo la kawaida katika maneno yanayosemwa kwa haraka. Huo ni uwezekano mkubwa. Hati ya kuuthibitisha moja kwa moja hakuna. Nauamini kuliko uwezekano mwingine wowote kwa sababu haudai muujiza. Hauhitaji mtu mmoja shujaa aliyebuni neno, wala safari ya bahari isiyoacha alama.

Uhusiano na gism pia unaeleza kwa nini watu wa zamani walilionea aibu. Mpiga piano Eubie Blake, mtu mweusi aliyekuwa akipiga muziki tangu kabla ya neno hili kuvuma, alisimulia uzeeni kwamba lilikuwa neno chafu ambalo mtu mwenye adabu asingelitamka mbele ya wanawake. Wengi wamechukua kauli kama hizo na kutangaza kwamba jazz ilianza ikimaanisha ngono. Tarehe zinasema vinginevyo. Maana ya ngono inaonekana katika maandishi baada ya ile ya besiboli na baada ya ile ya muziki. Inawezekana kabisa ilisemwa mdomoni mapema zaidi, kwani magazeti ya wakati huo yasingeichapa. Lakini vigumu kuamini kwamba gazeti la familia la San Francisco lingelisifu kwa makala nzima neno ambalo mji mzima ulilijua kuwa tusi.

Likaja Chicago

Boyes Springs ilikuwa pia na muziki. Art Hickman, kiongozi wa bendi kutoka San Francisco, alikusanya wapigaji wa kuwaburudisha wachezaji jioni. Mpiga banjo Bert Kelly, aliyewahi kufanya kazi naye, alihamia Chicago, na baadaye akadai kwamba yeye ndiye aliyelibeba neno hadi huko na kulibandika kwenye bendi. Ni dai la mtu anayejipigia debe, na biashara ya muziki ina madai kama hayo mengi. Hata hivyo, neno lilihama kweli, kwani mahali linapotokea likiwa limeshika muziki ni Chicago.

Tarehe 11 Julai 1915, gazeti la Chicago Daily Tribune lilichapisha makala ya kuchekesha ya Gordon Seagrove. Kuna bwana mmoja, mtu wa ofisini, ambaye miguu yake imezoea kukimbilia treni ya saa kumi na moja na robo jioni na si zaidi ya hapo. Mkewe anapenda dansi, yeye hataki. Usiku mmoja bendi inapiga blues, bwana ananyanyuka kitini na kucheza hadi watu wanashangaa. Jazz, anasema mwandishi, ilikuwa imeitia nguvu miguu ile. Anapouliza hizi blues ni kitu gani, msichana anamjibu kwa sauti ya juu ili asizidiwe na piano: jazz!

Msomaji ataona hapo neno likiwa katikati ya daraja. Bado lina maana ile ya California, nguvu inayoingia miguuni, lakini sasa nguvu yenyewe inatoka kwenye piano. Miaka miwili baadaye daraja lilikuwa limeshavukwa.

Na New Orleans? Humo neno linaonekana katika gazeti la Times-Picayune tarehe 14 Novemba 1916, nalo linazungumziwa kama jina ambalo majarida ya maonyesho yameanza kulitaja kwa bendi za namna ile. Yaani mji ulioupika muziki ulisoma gazetini kwamba muziki wake umepewa jina. Buddy Bolden, mpiga tarumbeta ambaye wengi humtaja kuwa wa kwanza kuupiga muziki huo, aliingizwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1907 na hakutoka hadi alipofariki mwaka 1931. Katika miaka yake ya kupiga, watu waliuita muziki ule "ragtime", au walisema tu kwamba ni wa moto. Jelly Roll Morton, mpiga piano wa mji huo huo, aliliandikia jarida la Down Beat mwaka 1938 akijitangaza kuwa yeye ndiye aliyebuni jazz mwaka 1902. Muziki huenda alikuwa akiupiga kweli. Karatasi ya 1902 yenye neno hilo haipo.

Tarehe 26 Februari 1917, vijana watano wazungu kutoka New Orleans walirekodi mjini New York kwa kampuni ya Victor. Santuri yao kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza ya jazz, na iliuzwa kwa wingi sana, kila mtu akitaka kuisikia. Bendi ilijiita Original Dixieland Jass Band, kwa herufi s mbili. Kabla ya mwaka kwisha zikawa z mbili. Kiongozi wao, Nick LaRocca, alikuja kusimulia kwamba watoto walikuwa wakiikwangua herufi ya kwanza kwenye mabango, na neno linalobaki katika Kiingereza ni la matakoni. Ni hadithi ya kuchekesha, nami siwezi kuiapia. Ila kubadilika kwa tahajia ni jambo la hakika, na kuanzia hapo ulimwengu ulilijua neno kwa umbo moja.

Hadithi zilizoshamiri

Tuanze na ile ya Afrika, maana ndiyo inayotugusa. Wapo wanaotaja maneno ya Afrika Magharibi yenye sauti ya kukaribia, mengine ya Kimandinka, mengine ya Kitemne. Dai hili lilipata nguvu tarehe 5 Agosti 1917, gazeti la New York Sun lilipochapisha makala ya Walter Kingsley. Kingsley alisema mwandishi mashuhuri Lafcadio Hearn, aliyeishi New Orleans kwa miaka kumi, aliwahi kuandika kwamba "jaz" ni neno la watu weusi wa huko, lenye maana ya kuongeza kasi, na kwamba asili yake ni pwani ya Ghana ya leo.

Makala hiyo imenukuliwa na kunukuliwa tena kwa zaidi ya miaka mia moja. Watafiti wamepekua maandishi ya Hearn, na kauli hiyo hawajaipata. Kingsley mwenyewe hakuwa mwanaisimu. Kazi yake ilikuwa kuzipigia debe kumbi za maonyesho, wakati ule ule ambapo bendi za jazz zilikuwa bidhaa mpya ya New York. Alihitaji hadithi, akaileta.

Haki itendeke, lakini. Magazeti ya 1912 yaliandikwa na wazungu kwa ajili ya wazungu, na maneno mengi ya watu weusi wa Marekani yalizunguka mdomoni miaka mingi kabla ya kuchapwa. Kukosekana kwa karatasi hakuthibitishi kwamba neno halikusemwa. Ila mzigo wa ushahidi humwangukia anayedai, na kufanana kwa sauti si ushahidi. Kiajemi kina neno "bad" lenye maana ya -baya, sawasawa na Kiingereza, na wanaisimu wanakubaliana kwamba maneno hayo mawili hayana undugu. Lugha zina sauti chache na maneno mengi. Hayawezi kukosa kugongana.

Jazba nayo imo humo humo. Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuvuta, na mtu aliyepandwa na jazba anafanana kweli na mtu aliyekolewa na muziki. Lakini kuwafikisha Waarabu kwenye besiboli ya California mwaka 1912 kunahitaji njia, na wanaolipenda dai hili hawajawahi kuionyesha.

Watu wanaodaiwa kulipa neno jina lao, akina Chaz na Jasbo na Bwana Razz, nao wako wengi. James Reese Europe, mwanajeshi na kiongozi wa bendi aliyeipigisha Ufaransa nzima muziki wa watu weusi mwaka 1918, aliuambia umma mwaka uliofuata kwamba neno lilitokana na bendi ya Bwana Razz wa New Orleans. Alikuwa mwanamuziki mkubwa sana, lakini ukubwa huo haukumfanya mtaalamu wa asili ya maneno. Kila msimu unaovuma hupata Charles wake, mtu ambaye hakuna aliyemwona.

Kinachonishangaza katika mabishano ya kila Aprili ni hiki: baadhi ya wanamuziki weusi wenyewe hawakulitaka neno. Sidney Bechet, mzaliwa wa New Orleans na mmoja wa wapulizaji wakubwa kuliko wote wa muziki huo, aliandika katika kitabu cha maisha yake kwamba jazz ni jina ambalo wazungu waliupa muziki. Yeye aliuita ragtime. Tarehe za magazeti zinaelekea upande wa Bechet kuliko upande wa wanaodhani kwamba kulirudisha neno Afrika ni kuwapa heshima waliouumba muziki. Mwaka 1949 jarida la Down Beat liliandaa shindano la kutafuta jina jipya, kwa kuwa jazz lilionekana kuchakaa. Mshindi alipendekeza "crewcut", jina la mtindo wa kunyoa nywele fupi kichwani. Hakuna aliyelitumia. Mwezi Januari 2000, chama cha wataalamu wa lahaja cha Marekani kilipiga kura na kulichagua jazz kuwa neno la karne ya 20.

Western Jazz bila jazz

Sasa turudi kwa yule mtu wa makamo na swali lake.

Neno lilipotoka Marekani baada ya vita vya kwanza vya dunia, halikusafiri na maana moja. Ufaransa ya miaka ya 1920, "jazz-band" liliweza kumaanisha seti ya ngoma peke yake, ile ya kupigwa na mtu mmoja kwa mikono na mguu, kwa kuwa ndicho chombo kilichokuwa kigeni machoni pao. Kwingine lilimaanisha bendi yoyote ya kisasa ya kuchezesha watu ukumbini. Johannesburg kulikuwa na Jazz Maniacs katika miaka ya 1930. Dar es Salaam kulikuwa na Dar es Salaam Jazz Band tangu mwaka 1932, wakati dansi la wawili wawili, foksitroti na wolzi, lilikuwa linashika vijana wa mjini.

Kwa hiyo katika pwani yetu neno halikuingia kama jina la mtindo wa muziki. Liliingia kama cheo. Kujiita Jazz kulimaanisha: sisi si ngoma ya kijijini, sisi si beni, ile ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, sisi tuna ala za kizungu na tunapigia ukumbini, kwa kiingilio. Santuri za Kuba zilizouzwa Afrika katika mfululizo ulioitwa GV zilipowafanya watu waipende rumba, bendi zilibadili muziki na kubaki na cheo chao. Léopoldville, Kinshasa ya leo, mambo yalikuwa yale yale. Joseph Kabasele alianzisha African Jazz mwaka 1953, na kazi yao ilikuwa rumba. Mwaka 1956 ikaja OK Jazz ya akina Franco, ikapewa jina la baa ya OK walimokuwa wakipiga, herufi ambazo ni za mwenye baa, Oscar Kashama. Rumba tena.

Western Jazz ya mwaka 1959 iliitwa Western kwa ajili ya Jimbo la Magharibi, walikotoka waanzilishi wake. Jazz ya jina lao ni bendi tu. Mtindo waliokuwa wakiupiga ulikuwa na jina lake, saboso, kama Tabora Jazz walivyokuwa na segere matata. Ukimuuliza shabiki wa enzi zile Western walipiga muziki gani, hakwambii jazz, anakwambia saboso. Hata Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo na Polisi Jazz zilifuata utaratibu huo: sehemu ya kwanza ya jina ilitaja tajiri au nyumbani, sehemu ya pili ilisema hii ni bendi. Kenya nako, Shirati Jazz ya D. O. Misiani ilipiga benga ya Kijaluo kwa magitaa, na Shirati ni eneo alikotoka mwenyewe, upande wa Tanzania wa mpaka.

Kwa maana hiyo mabendi yetu hayakulikosea neno. Gleeson alilitumia kwa porojo na kwa shauku ndani ya siku tatu, Wafaransa wakalitumia kwa ngoma, Chicago kwa blues. Waliolitumia kwa bendi ya dansi yenye magitaa na saksafoni walikuwa foleni moja na wengine wote.

Nuta Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha NUTA, na mtindo wake uliitwa msondo. Chama kilipobadilika na kuwa Juwata, bendi ikawa Juwata Jazz; kilipokuwa OTTU, ikawa OTTU Jazz. Leo inaitwa Msondo Ngoma. Jina la chama limeondoka na Jazz limeondoka nalo, na la mtindo ndilo lililobaki kuwa la bendi.